Mlima Ambao Hatukuupanda

Cala
20 Julai 1998

Mpwa wangu Phumeza, binti wa dada yangu,

Pokea salamu za mjomba wako Ndabazandile. Zimechelewa kwa sababu wiki nzima karani wa posta alikuwa akipuliza tundu la kufuli kwa mdomo, limeganda. Afya yangu usiulize. Nesi wa zahanati alinipima presha juzi, akaitazama mashine, akaitikisa, akanipima tena, akasema, "Tata, mzee wangu, una moyo wa farasi." Nikamwambia ataje ni farasi gani, nisije nikalinganishwa na farasi wa watu hivihivi. Ng'ombe ni wazima. Yule mwekundu wa mama yako ana mimba. Kondoo nilipoteza kidogo, majirani walipoteza zaidi, maana mimi baridi ile niliinusa tangu Jumanne nikawaingiza wangu zizini, wao wakanicheka. Nyumbani tupo mimi na paka.

Sasa habari yenyewe.

Mama yako tulimzika Jumamosi ile kama ilivyopangwa. Watu hawakuwa wengi. Theluji iliifunga nchi kila upande: wa Komani hawakufika, ninyi wa Johannesburg hamkufika ila mtu mmoja, na mchungaji mwenyewe alikuja juu ya farasi, miguu yake kaivalisha magunia. Ardhi ikagoma. Vijana walipiga sururu, sururu ikaruka kama imegonga reli. Wakanitazama. Nikavua koti. Zaidi sisemi, waliokuwepo wapo, waulize.

Safari ndiyo ya kusimulia. Nilifika Cape Town mvua inanyesha kwa ubavu, mwavuli hauna kazi. Hospitalini wakanipeleka kwenye kitanda alichofia. Tayari kilikuwa na mgonjwa mwingine, bibi mdogo kama shomoro. Nikamwomba radhi, nikagusisha tawi la mkunazi, la kubebea roho yake, kwenye mto wa kulalia, nikasema kwa sauti: "Nosakhele, binti wa Tolo, dada yangu, inuka. Ni mimi mdogo wako. Twende nyumbani." Yule bibi akasema, "Nenda, mama, mdogo wako kaja."

Tangu hapo sheria unaijua. Mwenye tawi huongea na aliyekuja kumchukua tu. Kila mto amwambie, kila njia panda amwambie, maana roho haisomi vibao vya barabarani. Ikiambiwa tunakwenda kulia na gari likakata kushoto, inabaki palepale. Na watu wengine asiwape hata salamu, mpaka lango la nyumbani. Mimi, Phumeza! Mimi ambaye maisha yangu yote nimenyamazishwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa ananing'oa jino!

Gcobani, kijana wa hapa mwenye gari jeupe, ndiye aliyetuendesha, jeneza likiwa kwenye trela nyuma. Akawa ananichokoza makusudi: "Tata, ukifika Beaufort West hujapasuka, nakupa kondoo." Sikumjibu. "Kondoo wawili, Tata." Kimya. Nilikuwa namwambia mama yako tu: dada, huu ndio mlima wa Paarl, dada, sasa ni nyika, upepo wake usikutishe.

Graaff-Reinet theluji ikaanza. Magari mengine yakashindwa, malori makubwa yenye matairi kama nyumba yamejipanga yanalia. Sisi tukapanda Lootsberg. Nakuambia tukapanda. Theluji ilifika kwenye vioo. Nikashuka, nikaweka bega kwenye trela, nikasema, "Dada, jishike, tunapanda mlima," na gari likapanda kama lina miaka miwili. Juu kabisa nilikuta nyani ameganda amekaa, mkono kauweka shavuni, kama mtu anayengoja pensheni. Upande wa pili jua.

Kwa hiyo lala usingizi. Mama yako yuko nyumbani. Watu waliuliza mbona mtoto wake wa pekee hayupo, nikawajibu mimi kwa niaba yako, na nilipomaliza hakuna aliyeuliza tena.

Wako mjomba,
Ndabazandile Dlangamandla


Tembisa
9 Agosti 1998

Kwako Mjomba,

Barua yako imefika na duara la kikombe cha kahawa mgongoni, nikajua ni yako kabla sijaona jina. Nimefurahi kwamba u mzima na moyo wako una miguu minne. Huku nipo. Pale hospitalini ninapofanya kazi chumba cha dobi kina joto, na wakati huu wa mwaka mablanketi ni mengi kuliko mashuka, mikono inauma. Chumba changu kina dirisha lisilofunga vizuri, nimeliziba kwa gazeti. Mwambie paka nimemsalimu. Yule mwekundu akizaa niandikie ni dume au jike.

Asante kwa kunisimulia. Nimeisoma mara nyingi, na kuna jambo moja limenikwama.

Unajua basi letu lilisimamishwa Jamestown. Mlima wa Penhoek ulikuwa umefungwa, tukalala hapohapo barabarani mwisho wa juma wote, siwezi kusema karibu na nyumbani wala mbali. Dereva aliiacha redio ikiongea ili watu wasianze kuongea wao. Ile redio, Mjomba, iliiita nchi nzima kama mwalimu anavyoita majina asubuhi. Khayelitsha, maji yameingia vibandani, watu wamebeba magodoro kichwani. Sutherland, mabomba yamepasuka. Lesotho, kuna wachungaji wa mifugo hawajulikani walipo. Van Reenen, malori yamelala. Penhoek, imefungwa. Durban tu ndiko walisema watu wamevaa masweta. Kisha wanaanza upya.

Na Lootsberg. Kila habari waliitaja Lootsberg. Imefungwa tangu Ijumaa asubuhi, polisi hawaruhusu gari lolote, na haikufunguliwa mpaka Jumapili, nanyi Jumamosi mlikwisha kumzika. Niliishika kichwani kwa sababu najua ndiyo njia yenu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile nikijiuliza, watapita wapi na mama?

Sikupingi, Mjomba. Nakuuliza tu. Mama sikumwona akiwa hai mwaka mzima, na akiwa amekufa sikumwona kabisa. Angalau niijue njia aliyopitishwa. Mlipita wapi?

Nimemwota mara mbili. Amevaa zile ndara za hospitali, anauliza watu njia, na watu wanampita.

Phumeza


Cala
2 Septemba 1998

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na ya kwanza ni ya ndama. Mwekundu kazaa jike, lina doa jeupe kwenye paji, mguu wa nyuma lilitoa kwanza, nikalivuta mwenyewe jua likiwa bado halijatoka. Daktari wa mifugo angeshindwa. Paka amekusikia, ameondoka.

Umeniandikia habari za redio. Redio! Redio inakaa Johannesburg kwenye chumba chenye hita na biskuti, Lootsberg imeiona lini? Mimi nilikuwepo. Polisi aliyekuwa pale aliponiona nimeshika tawi alivua kofia akanipigia saluti, akasema, "Wengine hapana, lakini huyu apite." Hayo redio ilisema? Haikusema. Kuna mambo mengi redio haisemi. Haikumtaja yule nyani.

Na ndoto za huko mjini zinatokana na kula usiku mikate ya dukani.

Sasa kwa kuwa tunaulizana njia, na mimi nina langu. MaMpinga wa ng'ambo ya mto alifika mazishini, peke yake katika watu wote wa Johannesburg. Alikuwa kwenye basi hilohilo lako. Anasema Ijumaa alasiri alitokea mkulima mmoja na trekta, akawapigia kelele, "Wenye mazishi na wagonjwa, pandeni!" na waliotaka akawavusha Penhoek. Anasema alikuwepo msichana mmoja wa Cala, akamwita, "Binti, njoo, nafasi ipo," naye akabaki kitini akasema viatu vyake si vya theluji.

Simtaji msichana huyo. Mimi sikuwepo, sipingi. Nauliza tu.

Ndabazandile Dlangamandla


Cala
11 Oktoba 1998

Mpwa wangu Phumeza,

Sijapata jibu lako. Nadhani ni posta. Yule karani sasa kapata mke, barua anazigawa anapojisikia.

Mvua zimeanza. Nimelima kile kipande cha mama yako, chini ya zizi, nimepanda mahindi na maboga. Makande ninayopika ni mengi kwa mtu mmoja, nayala siku tatu. Niliwahi kukuambia habari ya boga lililoota likainua ua wa zizi na mbuzi wakiwa juu yake? Nilianza kumsimulia fundi aliyekuja kuezeka bati, akasema, "Tata, jua linakimbia," akapanda ngazi. Siku hizi kila mtu jua linamkimbia.

Mama yako alipokuja likizo ya Desemba alikuwa anakaa kwenye lile benchi la mlangoni, anamenya njegere, hanitazami. Mimi nasimulia. Nikinyamaza kidogo ili nivute kiko, anasema, "Halafu?" Anajua ni uongo. Alikuwepo siku yenyewe, anajua hakuna boga wala mbuzi, lakini anasema, "Halafu?" Basi mtu unaendelea.

Ndama anakua.

Mjomba wako


Cala
22 Novemba 1998

Phumeza,

Nimeuliza posta mwenyewe, nimesimama mpaka wakanifungulia gunia. Hakuna kitu chako. Basi si posta.

Yale ya trekta sikupaswa kuyaandika. Kalamu ilikuwa na hasira, mimi nikaifuata.

Leo sina habari za hapa. Nina hadithi, na si yangu, ni ya mtu mmoja ninayemfahamu. Jina lake halina maana.

Mtu huyu alikuwa anamrudisha dada yake nyumbani na tawi mkononi. Njia nzima toka Cape Town alishika sheria. Alimwambia kila mto. Walipofika Graaff-Reinet, kituo cha mafuta cha mwisho wa mji, theluji inaanguka minofu minofu, polisi wameweka kizuizi, na magari yote yamesimama pale. Mtu huyu akamwambia dada yake, "Dada, tumesimama kidogo tu. Tukitoka hapa tunapanda Lootsberg." Kisha akashuka kunyoosha miguu.

Madereva wa malori walikuwa wamewasha pipa wanaota moto. Kulikuwa na mmoja, Mzulu mnene wa koti la mvua la njano, anasimulia. "Jamani, mimi nimeona theluji Van Reenen, mama wa theluji zote! Ilinifika hapa," na akashika goti. Goti, Phumeza. Wenzake wakasema, "Aisee!"

Mtu huyu alijaribu. Alitazama pembeni. Alihesabu matairi. Lakini goti!

"Hiyo unaiita theluji?" akasema. "Hiyo kwetu tunawapa watoto wachanga wachezee."

Wakageuka. Yule wa njano akasema, "Mzee kumbe una mdomo! Nilidhani wewe ni bubu. Haya, kwenu inafika wapi?"

Ili aonyeshe alihitaji mikono miwili. Akaliweka tawi juu ya kifuniko cha trela, akainua mikono, akaanza. Akawapa theluji ya mwaka ule iliyofunika msonge wa babu, mpaka babu akawa anapokea chakula kupitia bomba la moshi. Wakacheka mpaka wa njano akakaa chini. Wakampa kahawa. Wakampa nafasi karibu na moto. Na aliponyamaza ili anywe, mmoja wao, mtu mgeni kabisa, akasema, "Halafu?"

Miaka mingi hakuwa ameambiwa neno hilo na mtu mwingine ila dada yake.

Basi akaendelea. Dereva wake akapiga honi, akatoa kichwa dirishani: "Tata, Lootsberg leo hakuna! Polisi wanasema tugeuze, tuzungukie Pearston na Somerset East!" Mtu huyu akainua kidole, kwamba subiri, namaliza. Akamaliza. Akaingia garini bado anacheka, shavu limepata moto. Gari likageuka.

Kulikuwa na joto ndani. Madirisha yameingia ukungu. Walipofika daraja la mto Nxuba alitia mkono kifuani ili amwambie dada yake, dada, tunavuka maji. Koti lilikuwa tupu.

Hakumwambia dereva. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi, labda kwa sababu dereva angecheka. Walipopumzika Cradock alikata tawi jingine kando ya mto, akalishika mpaka nyumbani, akasimama nalo kaburini mbele za watu. Tawi ambalo halikuwahi kumjua dada yake. Na maneno ya mwisho aliyoambiwa yule mama ni kwamba wanapanda Lootsberg.

Hadithi inaishia hapo. Nimejaribu kuitafutia mwisho mwingine, na wewe unanijua mimi kwa kutafuta miisho.

Jioni hukaa kwenye lile benchi. Namwita mama yako, namwambia maneno mawili matatu. Kuna ukimya wa mtu anayekusikiliza, na kuna ukimya wa nyumba tupu. Mimi ninaujua wa kwanza.

Mjomba


Tembisa
13 Desemba 1998

Mjomba,

Viatu vyangu vilikuwa vizuri tu. Vilikuwa buti.

Nilimwona yule mkulima, nilimsikia MaMpinga akiniita. Niliona wakipanda na mablanketi yao. Nilijua nikipanda, Jumamosi nitasimama mbele ya jeneza na watu wataniangalia kama nitalia. Nikabaki na redio. Mpaka Jumapili walipogeuza basi kurudi Johannesburg nilikuwa bado namwambia mtu wa kiti cha pili kwamba ni viatu. Sitaki kuyaongea tena haya, na nikija usiniulize.

Hadithi ya mtu wako nimeisoma.

Halafu?

Halafu alifanya nini, Mjomba? Maana hapo ulipoachia, mama yangu amesimama kwenye kituo cha mafuta na ndara za hospitali, magari yanamzunguka.

Krismasi siji. Siwezi kwenda kuweka maua kwenye kaburi ambalo sijui lina nani. Mwambie huyo mtu aende akamchukue. Akimleta, nitakuja.

Phumeza


Cala
23 Mei 1999

Mpwa wangu,

Nimechukua muda, najua. Mahindi yalizaa, nimekuwekea gunia. Ndama wa mama yako sasa ananikimbilia nikipiga mluzi, na hilo si chumvi, kila mtu kijijini kaliona. Goti la kushoto limeanza kunifanyia ujeuri asubuhi.

Sikuwa naogopa baridi. Wala aibu, ingawa nayo ipo. Kitu nilichoogopa miezi yote hii ni kusimama pale, kuita, na kusikia magari tu.

Nilimwambia Gcobani. Nilijua atacheka. Alikwangua usukani kwa ukucha, akasema, "Tata, mimi ndiye niliyegeuza gari. Ningekungoja umwambie." Kisha akasema yeye hupita pale kila wiki akipeleka watu Cape Town na kuwarudisha. Atanishusha akienda, atanichukua akirudi, na ameniachia viti viwili, changu na cha mama yako. Abiria akilalamika kwamba kuna kiti kitupu, atajua Gcobani mwenyewe la kumwambia.

Tunakwenda katikati ya Juni. Redio imeshaanza kutisha watu. Safari hii naisikiliza.

Panda basi la Alhamisi, uwe nyumbani Jumamosi. Simama langoni. Ukiniona nashuka usiniamkie, usinikumbatie, maana sitakuitikia mpaka niwe nimeingia ndani nikalilaza tawi mahali pake. Nifuate nyuma. Utaona mjomba wako akipita kimya mbele ya watu, jambo ambalo halijawahi kuonekana wilaya hii, wala usicheke.

Kama mlima umefungwa tena, shuka basini. Tafuta trekta.

Mjomba


Graaff-Reinet
Ijumaa, 18 Juni 1999

Phumeza,

Barua hii utaikuta ukirudi Tembisa, na utakapoisoma utakuwa umeshajua kama tulifika. Naiandikia kwenye kaunta ya kituo cha mafuta, dada wa malipo kaniazima kalamu na amesema nisiondoke nayo. Nina siku mbili hapa. Wamenipa kona karibu na mashine ya kahawa.

Theluji imeanza tangu asubuhi. Redio yao hapa inaita nchi kama ulivyosema. Cape Town mvua, Sutherland barafu, huko kwenu Penhoek wanasema bado pako wazi lakini watu waende polepole. Lootsberg wameifunga saa hii. Nimeisikia kwa masikio yangu. Mzulu wa njano hayupo, nimemtafuta. Pipa lipo.

Tawi la mwaka jana halipo. Mama anayefagia amesema vijiti vyote huingia kwenye moto. Nimekuja na jingine, nimelikata mti ule ulio nyuma ya zizi, ule ambao mama yako akiwa msichana alikuwa akianika nguo juu ya miiba yake na kuzitoboa zote.

Kijana wa pampu aliniuliza jana, "Babu, unangoja gari gani?"

Nikasema, "Nimekuja kumchukua dada yangu."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha. "Pale, karibu na pampu ya dizeli. Trela letu lilisimama pale."

Nilidhani atacheka, Phumeza. Alitazama pale. Palikuwa na pikapu ya mtu imeegeshwa, mwenyewe anakula ndani. Kijana akaenda akagonga kioo cha dirisha, sikusikia walichosemezana, yule mtu akatoka na mkate mdomoni akalisogeza gari lake. Tangu jana wameweka ndoo mbili pale, hakuna anayeegesha. Sikuwaomba.

Madereva waliopo leo wanasimulia. Kuna mmoja anasema ameona mvua ya mawe huko Kroonstad, kila jiwe kama yai la kuku. Yai la kuku! Nimetazama pembeni.

Gcobani amepiga simu hapa kaunta, ameshapita Aberdeen. Wewe sasa uko barabarani. Umevaa buti, natumaini.

Nimeshatoka nje mara moja kujaribu sauti. Ilikwama. Sijawahi kukwama sauti tangu nizaliwe. Nimerudi ndani kuandika hii ili maneno yatangulie kwenye karatasi, halafu mdomo uyafuate. Kwa hiyo nakuaga hapa, mwanangu. Kuanzia mstari unaofuata siongei na wewe.

Nosakhele. Dada yangu, binti wa Tolo. Ni mimi Ndabazandile, mdogo wako. Nilikuambia tunapanda Lootsberg. Hatukuipanda. Imefungwa, ilifungwa siku ile, na leo imefungwa. Tuligeuka hapahapa ulipo, tukapita Pearston, mimi nilikuwa naongea na watu sikukuambia. Mwili wako uko nyumbani, chini ya zizi, mahindi ya kipande chako yamezaa vizuri. Mwekundu wako ana ndama wa kike. Mtoto wako anakuja, yuko njiani, atakuwa langoni.

Inuka, dada. Theluji isikutishe, ni ya goti tu. Gari ni lile jeupe linaloingia sasa, la Gcobani, unalijua. Kiti chako ni cha dirishani. Njia ni ndefu, maji ya kuvuka ni mengi, na kila moja nitakuambia. Huo mlima uliouona mbele uache. Hatupandi.

Tunageuka.